Priampu ya fono: ubadilishe au uiache? Namna ya kupima kabla ya kutoa pesa

Santuri ikisikika hafifu, ikivuma au ikichoma masikio, wa kwanza kulaumiwa huwa priampu ya fono, yaani saketi inayokuza sauti ya santuri kabla haijafika kwenye amplifaya, hasa ile iliyokuja ndani ya pleya. Mara nyingi inasingiziwa. Priampu inastahili kubadilishwa pale iliposhindwa jambo linalopimika: haikuzi vya kutosha kwa katriji (kichwa kinachoshika sindano) uliyonayo, inaibebesha katriji kapasitansi (uwezo wa waya na saketi kuhifadhi chaji) iliyozidi, ina kelele inayoishinda kelele ya santuri yenyewe, inazidiwa na sauti kubwa, au inakosa kitu ambacho santuri zako zinakidai. Nje ya hayo, pesa hizo zitafanya kazi kubwa zaidi kwenye sindano. Vipimo vyote vilivyo hapa unaweza kuvifanya sebuleni, ukiwa na mita ya fundi yenye sehemu ya kupima kapasita, mizani ndogo ya sindano na subira.

Kwanza jua priampu yako iko wapi

Priampu ya fono ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza. Katriji za sumaku inayotembea (MM) hutoa takriban milivolti 3 hadi 6, na za koili inayotembea (MC) mara nyingi 0.2 hadi 0.5 tu, wakati mashine ya CD hutoa hadi volti 2. Kazi ya pili ni kurudisha uwiano wa sauti. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi na kelele ya plastiki ifunikwe. Wakati wa kupiga, priampu hugeuza hesabu hiyo kwa kufuata mkunjo wa RIAA (chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani), uliokubaliwa mwaka 1954: kwa kulinganisha na hezi 1,000, sauti ya hezi 20 hupandishwa kwa takriban desibeli 19, na ya hezi 20,000 hushushwa kwa karibu desibeli 20.

Priampu hiyo inaweza kuwa sehemu tatu: ndani ya pleya, ndani ya amplifaya (tundu lililoandikwa PHONO), au kwenye kiboksi cha peke yake katikati. Inatakiwa moja tu ifanye kazi. Ukichomeka pleya isiyo na priampu kwenye AUX, utasikia sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi kabisa. Ukiweka mbili kwa mfuatano, yaani swichi ya pleya iko LINE na waya umeingia PHONO, utapata besi inayonguruma na sauti iliyochanika hata ukishusha volyumu. Watu wameuza vyombo vizima kwa sababu ya swichi hiyo moja iliyo nyuma ya pleya. Iangalie leo, hata kama una uhakika nayo.

Ondoa makosa yasiyo ya priampu

Herufi za "s" na "sh" zikisikika kama zinatemewa mate, na hali ikizidi kwenye nyimbo za mwisho wa upande karibu na lebo, hiyo ni sindano au pembe ya katriji. Priampu haijui kama wimbo uko mwanzo au mwisho wa santuri. Pima uzito wa sindano kwa mizani: Audio-Technica AT-VM95E inataka gramu 2.0 (kati ya 1.8 na 2.2), Ortofon 2M Red inataka 1.8, na Denon DL-103 inataka 2.5. Uzito mdogo kuliko unaotakiwa huharibu santuri haraka kuliko uzito uliozidi kidogo, kwa sababu sindano huruka na kupigapiga kuta za mfereji. Kisha hakiki pembe kwa karatasi ya kupimia, safisha ncha kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, na usikilize tena.

Hesabu pia umri wa sindano. Ncha ya duaradufu ya kawaida Audio-Technica huihesabia takriban saa 300. Ncha za kisasa zenye mkato mwembamba hufika karibu saa 1,000. Ukinunua pleya ya mtumba, chukulia kwamba sindano imekwisha mpaka uthibitishe vinginevyo.

Upande mmoja ukiwa kimya au mdogo, shusha volyumu, badilishana waya wa kushoto na wa kulia kwenye matundu ya kuingilia ya priampu, kisha sikiliza. Kosa likihamia spika ya pili, tatizo liko nyuma ya priampu: katriji, vibano vinne vidogo vilivyo nyuma yake, au waya wa RCA. Kosa likibaki palepale, endelea mbele, yaani priampu, amplifaya au spika. Vile vibano vidogo huota kutu. Kuvivuta taratibu na kuvirudisha kwa koleo ya ncha mara moja au mbili mara nyingi kunatosha.

Kipimo cha mkono ulioinuliwa

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na hakina gharama. Weka volyumu pale unaposikilizia siku zote. Acha sahani izunguke, mkono wa pleya (ule unaobeba katriji) ukiwa juu. Kaa kwenye kiti chako, usiweke sikio kwenye spika, na usikilize kelele iliyopo. Sasa teremsha sindano kwenye mfereji wa mwanzo, kabla wimbo haujaanza.

Kelele ikipanda ghafla na kuifunika ile ya kwanza, basi priampu yako tayari ni kimya kuliko santuri. Hata ukileta ya bei mara kumi, kelele unayoisikia wakati wa wimbo itabaki ileile, kwa sababu imeshonwa ndani ya plastiki. Tumia pesa hiyo kwenye kuosha santuri. Lakini kama sindano imegusa na hukusikia tofauti, au ile sauti ya "shhh" na mvumo vinaendelea kusikika kati ya noti, hapo umepata sababu ya kweli ya kuendelea kuchunguza. Rudia na santuri mpya au safi zaidi uliyonayo, maana santuri iliyochakaa hufaulisha priampu yoyote.

Tenganisha sasa "shhh" na mvumo. "Shhh" ni kelele ya saketi yenyewe, na huongezeka kadiri ukuzaji unavyokuwa mkubwa. Kwa katriji ya MC tofauti ya priampu na priampu husikika waziwazi, kwa MM mara chache. Mvumo una asili nyingine, na kuutibu kwa kununua priampu mpya ni kubahatisha.

Kufuata mvumo mpaka kwenye chanzo

Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Mvumo laini wa chini, "mmmm", ni hezi 50, na mara nyingi hutoka kwenye sumaku ya transfoma iliyo karibu au ethi isiyoshika. Mvumo mkali wenye meno, "zzzz", ni hezi 100 na zile za juu yake, na kwa kawaida hutoka kwenye chanzo cha umeme kibovu au mzunguko wa ethi (vyombo vikiwa vimeungana kwa ethi kupitia njia zaidi ya moja).

Tengeneza plagi mbili za kufunga: chukua plagi za RCA zisizotumika, unganisha pini ya kati na ganda kwa kipande kifupi cha waya, uchome risasi. Shusha volyumu hadi sifuri, chomoa waya za pleya kwenye priampu, chomeka plagi hizo mahali pake, kisha pandisha volyumu polepole.

Mvumo ukiisha, priampu haina hatia. Shida iko kwenye pleya au waya. Hakikisha waya mwembamba wa ethi wa pleya umebanwa kwenye skrubu ya GND, bila rangi wala kutu. Pleya za Rega hazina waya huo, kwani ethi yake hupita ndani ya waya wa RCA, kwa hiyo usiutafute. Sogeza mkono juu ya sahani taratibu: mvumo ukiongezeka kadiri katriji inavyokaribia upande fulani, kuna transfoma upande huo, aidha ya pleya yenyewe au ya amplifaya iliyopangwa ubavuni mwake. Sogeza vyombo mbali kwa nusu mita na usikilize tena.

Mvumo ukibaki hata na plagi za kufunga, chomoa waya zinazotoka kwenye priampu kwenda AUX. Ukiendelea kusikika, ni amplifaya. Ukikoma, ni priampu, adapta yake, au mzunguko wa ethi kati ya vyombo. Kama king'amuzi cha televisheni kimeunganishwa kwenye amplifaya hiyohiyo, chomoa waya wa dishi nyuma yake. Mvumo ukikatika hapohapo, dawa ni kifaa cha kutenganisha ethi kwenye waya wa dishi. Kamwe usikate pini ya ethi kwenye plagi ya umeme ili kuua mvumo. Siku transfoma ikivuja, bodi ya chuma ya amplifaya itakuwa na umeme kamili.

Imebaki adapta. Soma lebo yake. Kama priampu inatumia volti 12 za DC, unaweza kuijaribu kwa betri ya volti 12 ya sola iliyotolewa kwenye chaja, ukiheshimu chanya na hasi kama mchoro ulio karibu na tundu unavyoonyesha, na ukiweka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya. Betri iliyojaa na kupumzika huwa na takriban volti 12.7, ikiwa bado inachajiwa hupanda kuzidi 14, usiitumie hivyo. Mvumo ukitoweka kwenye betri, unahitaji adapta bora, na priampu iache. Angalizo: baadhi ya priampu hutumia adapta ya AC, yenye alama ya wimbi (~) upande wa kutoa. Hizo usizichomeke kwenye betri.

Hesabu ya ukuzaji

Chukua milivolti za katriji, zidisha kwa ukuzaji. Desibeli 34 ni mara 50, 40 ni mara 100, 46 ni mara 200, na 60 ni mara 1,000. Unalenga milivolti 300 hadi 600 zinazoingia kwenye amplifaya.

Ortofon 2M Red hutoa milivolti 5.5. Kwenye priampu ya desibeli 40 inakupa 550, safi kabisa. AT-VM95E yenye milivolti 4 inakupa 400, nayo sawa. Denon DL-110, ambayo ni MC ya sauti kubwa yenye milivolti 1.6, itatoa 160 tu. Utalazimika kupandisha volyumu sana, na desibeli 46 zingeifaa zaidi. DL-103 yenye milivolti 0.3 itatoa 30. Hapo hakuna mjadala: unahitaji priampu ya desibeli 60, au transfoma ya kupandisha ya 1:10 mbele ya priampu yako ya MM. Transfoma hiyo huifanya DL-103 kuwa na milivolti 3, na rezista ya kiloomu 47 ya priampu huonekana na katriji kama omu 470 (47,000 gawanya kwa 10 mara 10), mzigo unaoikubali vizuri.

Usichanganyikiwe na santuri kusikika ndogo kuliko CD kwenye alama ileile ya volyumu. Ni kawaida, na kupanda kidogo kwa kitasa si kasoro ya kutibiwa kwa pesa.

Kapasitansi, mahali ambapo wengi hupotea

Katriji ya MM ina koili yenye waya mwingi, kwa hiyo ina induktansi (tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo) kubwa. Induktansi hiyo ikikutana na kapasitansi ya waya na ya priampu, hutengeneza mwinuko kwenye sauti za juu, halafu mteremko baada yake. Ukizidisha kapasitansi, mwinuko hushuka hadi mahali sikio lina ukali mwingi, na unasikia sauti "ngumu" inayochosha. Wengi huita hali hiyo ubovu wa priampu, na kumbe ni kutolingana tu.

AT-VM95E ina induktansi ya milihenri 550, na mtengenezaji anataka mzigo wa pikofaradi 100 hadi 200. Ikipata 200, mwinuko hukaa karibu na hezi 15,000. Ikipata 400, hushuka mpaka karibu 10,700, katikati ya sauti za matoazi na za "s". Tofauti hiyo inaweza kufika desibeli kadhaa, wakati priampu mbili za bei tofauti kabisa, zote zikifuata RIAA ndani ya nusu desibeli, hazitofautiani kiasi hicho. 2M Red kwa upande wake inataka 150 hadi 300, kwa hiyo inavumilia waya mrefu zaidi.

Pima hivi. Kama waya wa RCA unachomoka pande zote mbili, utoe, weka mita kwenye kapasita, na upime kati ya pini na ganda kwenye ncha moja, nyingine ikiwa wazi. Kama waya umeshikamana na pleya, vua vibano vya katriji kwanza. Katriji ikibaki, mita itasoma upuuzi. Na usiichomeke mita kwenye katriji yenyewe, hasa ya MC, kwani mkondo wa mita si rafiki wa koili nyembamba kiasi hicho. Ukipima waya uliovuliwa katriji, namba unayopata tayari ina waya wa ndani ya mkono. Jumlisha na kapasitansi ya kuingilia iliyoandikwa kwenye karatasi ya priampu. Mfano: waya pikofaradi 120, mkono 30, priampu 220. Jumla 370. Kwa AT-VM95E hiyo imezidi mno.

Kabla ya kununua priampu, punguza waya. Waya wa nusu mita badala ya mita moja na nusu, au wa aina yenye kapasitansi ndogo, unaweza kuondoa pikofaradi 100 kwa bei ya chakula cha mchana. Kwenye amplifaya za zamani, mara nyingi kuna kapasita ndogo ya 100 hadi 220 kati ya tundu la PHONO na ethi. Fundi anayejua kusoma mchoro anaweza kuitoa. Kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza: kapasita ya pikofaradi 100 ya aina ya C0G au polistirini huchomewa ndani ya plagi ya RCA, kati ya pini na ganda, moja kila upande. Na jihadhari na pleya zenye priampu ya ndani: kwenye baadhi yake, hata swichi ikiwa PHONO, saketi ya ndani hubaki imeunganishwa na huongeza kapasitansi.

Ikiwa umefanya yote hayo na jumla bado imezidi, priampu yenye swichi ya kapasitansi ni ununuzi wa haki. ART DJ Pre II, kwa mfano, ina chaguo la pikofaradi 100 au 200, na si ya bei ya kutisha.

Kuzidiwa

Kuna priampu ndogo zinazofanya kazi kwa umeme mdogo. Tuseme saketi ina volti 5 chanya na 5 hasi. Haiwezi kutoa zaidi ya takriban volti 3.5 zinazosomwa na mita. Ukuzaji ukiwa mara 100, itazidiwa na milivolti 35 zinazoingia. Kwa 2M Red hiyo ni nafasi ya desibeli 16 juu ya kiwango cha kawaida; kwa katriji ya ma-DJ kama Shure M44-7, yenye milivolti 9.5, inabaki desibeli 11 tu. Santuri za inchi 12 zilizokatwa kwa nguvu zitaimaliza nafasi hiyo, na kila mkwaruzo utasikika mrefu na mgumu kuliko ulivyo, kwa sababu saketi huchukua muda kujirudi. Tafuta kwenye karatasi ya priampu kiwango cha juu cha kuingilia kwenye hezi 1,000, ukigawe kwa milivolti za katriji yako. Mara kumi au zaidi ni sawa, maana hiyo ni desibeli 20. Chini ya mara tano, badilisha priampu, au chukua katriji yenye sauti ndogo.

Santuri zetu za zamani

Anayepiga santuri ndogo za 45 za dansi, benga, rumba na taarab za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ana sababu ambayo wapenzi wa santuri mpya hawana. Nyingi zake ni mono. Kwenye mono muziki wote umo katika mtikisiko wa sindano kwenda kushoto na kulia. Unaokwenda juu na chini ni vumbi, kuchakaa na kupinda. Ukiunganisha pande mbili, sehemu kubwa ya kelele hiyo hufutana na muziki unabaki. Kama amplifaya yako haina kitufe cha MONO, priampu yenye kitufe hicho itakupa faida kubwa kuliko yoyote iliyotajwa hapo juu.

Usiunganishe pande mbili kwa waya wa Y kabla ya priampu ya stereo: mzigo wa kiloomu 47 huwa nusu yake na kapasitansi huongezeka maradufu. Fanya baada ya priampu, ukiweka rezista ya kiloomu 1 kwenye kila upande kabla ya kuungana, ili matokeo mawili yasigombane. Au rekodi kwenye kompyuta na uchanganye kuwa mono ndani ya Audacity, ambayo ni bure.

Santuri za 78 ni jambo jingine. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, miaka mingi kabla ya RIAA kuwepo. Ukizipiga santuri za namna hiyo kwa RIAA, besi huzidi na sauti za juu hufifia. Zinahitaji sindano pana, ya takriban maikromita 65 hadi 75 badala ya 18 hivi ya santuri ndefu, na priampu yenye mikunjo ya kuchagua. Sindano nyembamba huburuzika chini ya mfereji wake na kusoma uchafu tu.

Kama spika zako zinatikisika mbele na nyuma bila sauti kusikika, angalia kichujio cha chini. Santuri iliyopinda huleta mitetemo chini ya hezi 10, nayo hula nguvu ya amplifaya bure. iFi Zen Phono ina kitufe cha kuichuja, pamoja na ukuzaji wa desibeli 36, 48, 60 na 72. Jaribu kwanza kuilaza santuri vizuri kwa uzito wa katikati, na kusogeza spika mbali na meza ya pleya.

Kulinganisha bila kudanganywa na sikio

Ukiazima priampu ya kujaribu, hakikisha zote mbili zinapiga kwa ukubwa uleule. Inayozidi hata kwa desibeli 1 itaonekana ina "uhai" zaidi, na mtu atalipia uhai ambao ungepatikana kwa kuzungusha kitasa. Tumia santuri ya majaribio yenye mlio wa hezi 1,000, weka mita kwenye AC kati ya nguzo mbili za spika moja, na uandike volti. Ukibadilisha priampu, zungusha volyumu mpaka volti zirudi palepale, ndani ya asilimia 2. Mita ya bei nafuu huweza kukosea namba kamili kwenye hezi 1,000, lakini kwa kulinganisha mlio uleule inatosha.

Mwambie mtu mwingine abadilishe waya bila kukuonyesha. Chagua dakika mbili za wimbo unaoujua, uandike ulichosikia kabla hajakuambia. Ukishindwa kuzitofautisha mara nyingi mfululizo, umeokoa pesa.

Ukiamua kununua, na ukiamua kutonunua

Mwenye 2M Red anaweza kuvuta sindano na kuchomeka ile ya 2M Blue kwenye katriji ileile. Mwenye AT-VM95E anaweza kuweka sindano ya ML (yenye mkato mwembamba) kwenye mwili uleule. Mabadiliko hayo husikika wazi, hasa mwisho wa upande. Kwa hiyo, isipokuwa vipimo vimekamata kosa, sindano itangulie. Na tungeona ni vibaya kuweka priampu ya bei mara tatu ya katriji kwenye pleya ambayo haijawahi kupimwa uzito wa sindano.

Amplifaya za miaka ya 1970 za Pioneer, Sansui na Yamaha mara nyingi zina sehemu nzuri ya PHONO, ila kapasita zake za elektroliti zimezeeka. Upande mmoja ukisikika wa chini, au pakiwa na mikwaruzo ukigusa swichi, anza na dawa ya kusafisha kontakti kwenye swichi ya kuchagulia na kwenye matundu. Isiposaidia, fundi abadilishe kapasita za bodi ya fono kwa thamani ileile ya maikrofaradi, na volti sawa au zaidi. Azimwage chaji za kapasita kubwa za umeme kwanza, kwani hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Priampu mpya ikifika, soma adapta kabla ya kuichomeka. Inayotoka Marekani inaweza kuandikwa 120V tu, na kwenye volti 230 au 240 itaungua mara moja. Unataka iandikwe 100–240V, au ununue ya hapa yenye volti na ampea za kutoa zilezile. Iweke nusu mita kutoka kwenye transfoma yoyote, anza na ukuzaji mdogo zaidi unaokupa sauti ya kutosha, na weka kapasitansi kulingana na jumla uliyopima, siyo kulingana na sauti ya kwanza uliyoipenda. Kisha rudia kipimo cha mkono ulioinuliwa, volti za spika zikiwa zilezile ulizoziandika kwa ile ya zamani, kabla muda wa kurudisha dukani haujaisha.